Mwalimu Aliyecheka Karatasi za Wanafunzi Wake

Umepita pale. Usijifanye hukuona. Ukitoka Kitale kwenda Saboti, kabla ya kinu cha kusaga mahindi, kuna majengo matatu ya bati na mlingoti usio na bendera. Umepita hapo ukienda matangani, ukienda harusini, ukienda kuangalia mahindi yako. Uliona watoto wenye sare, ukasema moyoni, "Basi, wanasoma," ukageuza shingo.

Pengine hata ulichanga bati. Jina lako lilisomwa kwa kipaza sauti, watu wakakupigia makofi, ukaketi. Lakini hukuuliza ni nani atakayesimama mbele ya ubao chini ya bati lako. Hakuna aliyeuliza. Miaka kumi imepita na bado hakuna aliyeuliza.

Saa mbili asubuhi, Jumamosi, Mwalimu Bramwel Mukhisa anachora paa ubaoni.

Anaandika kwanza hesabu yenyewe kwa chaki nyeupe: 5x³ + 2x − 5x³ + 9. Kisha juu ya kila kipande anachora kipaa kidogo, kama mtoto anayechora nyumba ya nyanya yake. Vipaa vinne. Anageuka, anapangusa mikono kwa suruali, anawatazama wanafunzi wake.

Wako saba, na wote ni watu wazima. Magoti yao hayaingii chini ya madawati. Kuna fundi cherehani, kuna kijana anayekamua ng'ombe wa watu, kuna mama aliyeacha kapu la sukuma wiki mlangoni na kulifunika kwa gunia lenye maji. Wote walisoma katika darasa hili hili, kwa mwalimu huyu huyu, hesabu hii hii.

"Boma hili lina nyumba ngapi?" anauliza.

"Nne," anajibu Wacuka, yule fundi cherehani, halafu anaziba mdomo. Wenzake wanacheka. Mmoja anamwambia ati ameshonewa jibu hilo kichwani kwa uzi wa gunia.

Yule mama wa sukuma wiki hacheki. Anaitwa Nekesa, ana miaka ishirini na mitatu. "Mwalimu," anasema, "si uulize kwanza nani amekufa?"

 Mwalimu Mukhisa anaweka kidole gumba kwenye 5x³ ya kwanza na kuifuta, anaifuta na ya pili, na vipaa vyake pamoja. Ubaoni panabaki 2x + 9. Nyumba mbili.

"Ndiyo, Nekesa," anasema. "Kwanza tunazika."

Anayesoma habari hii naye aliacha hesabu zamani, asiogope. Polinomia ni vipande vya namba na herufi vilivyounganishwa kwa kujumlisha na kutoa. Kuiainisha ni kusema mambo mawili tu: ina vipande vingapi, na kipeo chake kikubwa ni kipi. Kipeo kikubwa kikiwa moja, ni ya digrii ya kwanza. Kikiwa tatu, ni ya digrii ya tatu. Hayo ndiyo majina yake, na mtahini anayataka hivyo.

Lakini kabla ya kuipa jina unakusanya vinavyofanana. Kipande chenye alama ya kujumlisha kikikutana na kingine sawa nacho chenye alama ya kutoa, vyote viwili vinakwisha. Havihesabiwi tena. Usipofanya hivyo utaita kitu jina la marehemu.

Mwalimu Mukhisa hakufanya hivyo kuanzia mwaka wa 1984 hadi Agosti 1993. Aliwafundisha watoto wetu kuhesabu nyumba bila kuuliza kama ndani mna watu.

Alizaliwa Myanga, upande wa Bungoma, mtoto wa nne wa mkulima wa miwa. Alimaliza kidato cha nne mwaka wa 1982. Mwalimu wao wa hesabu aliondoka muhula wa kwanza na hakuletwa mwingine, kwa hiyo aljebra aliisoma peke yake kutoka daftari la binamu yake. Daftari lilikuwa safi, mwandiko mzuri, na mifano yote ndani yake ilikuwa imekwisha kurahisishwa. Hakuna kipande hata kimoja kilichofanana na kingine. Daftari halikusema uongo. Halikusema tu ukweli wote, na hapakuwa na mtu wa kumaliza sentensi.

"Nilipata C ya hesabu," anasema. "Kijijini mtu mwenye C alikuwa profesa."

Kamati ya shule ilikuja kumchukua kwa baiskeli mbili. Walikuwa wamejenga madarasa mawili, wameandikisha watoto hamsini, na hawakuwa na mwalimu hata mmoja wa hesabu. Walimwuliza maswali matatu: kama ameokoka, kama anakunywa, na kama anaweza kuanza Jumatatu. Swali la hesabu halikuulizwa.

Walimu wa namna hii tunawaita yuti, walimu wasio na mafunzo, na tunalitamka neno hilo kwa pua. Mshahara wake ulikuwa shilingi mia saba kwa mwezi, na mwezi ambao wazazi hawakulipa karo alipewa gunia la mahindi akaambiwa avumilie. Kitabu cha mwalimu kilikuwa kimoja kwa shule nzima, na kilifungiwa katika kabati la mwalimu mkuu kisiibwe. Kilifungiwa vizuri sana. Mukhisa alikiona mara mbili katika mwaka wake wa kwanza.

Kwa hiyo alibuni njia yake. Na tusimwonee: ilikuwa njia nzuri. Aliona watoto wa wakulima hawashiki maneno ya Kizungu ya aljebra, akawaambia kwamba polinomia ni boma. Kila kipande ni nyumba, kwa hiyo mchoree paa lake. Kipeo ni umri wa mwenye nyumba. Mwenye umri mkubwa kuliko wote ndiye anayelipatia boma jina. *Hesabu nyumba, taja mzee.* Darasa zima lilikuwa likiimba hivyo mpaka wapita njia wanasimama. Watoto walioogopa hesabu wakaanza kuinua mikono.

Mmoja aliinua mkono mwaka wa 1988.

Huo ndio mwaka tuliopangwa mlolongo uwanjani siku ya kura tuhesabiwe vichwa, na mlolongo mfupi ukatangazwa kuwa mrefu, tukaenda nyumbani tumenyamaza. Wengine wanasema yamepita. Hayajapita. Nchi iliyojifunza kunyamaza uwanjani haiwezi kuwafundisha watoto wake kuuliza darasani.

Aliyeinua mkono alikuwa Nekesa, kidato cha tatu, kiti cha mbele. Ubaoni palikuwa na hesabu kama ile ya Jumamosi, yenye vipande viwili vinavyofutana. Mwalimu alikuwa amechora vipaa vinne na kumtaja mzee wa digrii ya tatu. Nekesa akasema, "Mwalimu, lakini huyo mzee si amekufa?"

Darasa likaangua kicheko. Walikuwa arobaini na mmoja.

Leo Mwalimu Mukhisa anapolisimulia jambo hili hatazami mtu. Anatazama chaki iliyo mkononi mwake. Anasema alikuwa na miaka ishirini na mitano, hana cheti, na kila siku alingojea mtu asimame aseme huyu si mwalimu. Aliposikia kicheko alifikiri siku hiyo imefika.

"Sikuangalia hata ubao," anasema. "Ningeangalia tu. Alikuwa amesema kweli, na iliandikwa pale kwa mkono wangu. Lakini mimi nilisikia kicheko, sikusikia swali."

Alimwambia Nekesa atoke nje apige magoti. Nekesa alipiga magoti kwenye maramu, changarawe nyekundu ya uwanjani, mpaka kengele ikalia. Hakuinua mkono tena katika somo la hesabu, si muhula ule, si mwaka uliofuata.

Katika mtihani wa taifa wa 1989 lilikuja swali la aina hiyo. Nekesa analikumbuka kama mtu anavyokumbuka njia ya kwao. Anasema aliandika jibu lake kwanza, vipande viwili, digrii ya kwanza. Akaliangalia. Akakumbuka maramu. Akalikata kwa rula, mstari mmoja ulionyooka, akachora vipaa vinne.

"Nilikata jibu langu nikaandika lake," anasema. "La kwake nilijua ni uongo. Lakini yeye ndiye alikuwa mwalimu."

Alipata D ya hesabu. Alitaka kuwa muuguzi, na chuo cha wauguzi hakitaki D ya hesabu. Swali moja halimwangushi mtu, na Nekesa mwenyewe anasema hivyo. Kilichomwangusha ni kwamba toka siku ile hakuyaamini tena macho yake. Kila alipoona kitu wazi, alidhani ni yeye asiyeona.

Sasa njoo Agosti 1993, kwenye ukumbi wa shule moja mjini Kitale, ambako walimu wa hesabu wa wilaya walikusanyika kusahihisha mtihani wa majaribio, ule tunaouita moki. Kazi hiyo ina utaratibu wake. Karatasi hazina jina la shule, zina namba tu. Walimu wanakaa meza ndefu, na kila meza inasahihisha swali moja kwa karatasi zote, ili mtoto asipendelewe na mtu. Karatasi zinapita kama mawe ya kujengea, mkono kwa mkono.

Meza ya Mukhisa ilipewa swali la sita. Kuainisha polinomia.

Kwa saa nzima kazi ilikwenda. Kisha mwalimu mmoja aliyeketi mbele yake akainua karatasi juu. "Jamani, huyu anajenga!" Akawaonyesha: vipaa vinne juu ya vipande vinne. Akatoa ya pili, nayo ina vipaa. Ya tatu. Watu wakaacha kalamu. Mwingine akasema hiki ni kijiji kizima, tafuteni chifu. Mwingine akauliza, "Kwani hawa walifundishwa na nani, na fundi wa mabati?"

Mbele ya Mukhisa palikuwa na karatasi ya majibu kutoka kwa wakubwa wa mtihani. Jibu la swali la sita lilikuwa wazi: kusanya kwanza, vipande viwili, digrii ya kwanza. Alilisoma mara mbili. Alielewa papo hapo. Miaka tisa ilipita kichwani mwake, anasema, kama mtu anayekunja mkeka.

Meza nzima ilikuwa inacheka.

"Na mimi nilicheka," anasema. "Andika hivyo. Nilicheka kuliko wote. Nilipiga hata meza."

Kisha akachukua kalamu nyekundu akawawekea sifuri. Karatasi thelathini na moja. Nyingine alizijua kwa mwandiko. Aliwajua wenye kuchora paa lenye bomba la moshi, aliwajua wenye kuchora na mlango. Mlangoni, wakati wa chai, yule wa kwanza kucheka alimpiga begani na kumwambia, "Lakini yule fundi wa mabati apatikane, bwana." Mukhisa akaitikia, ati apatikane kweli.

Ungedhani alirudi Saboti akawaambia watoto ukweli. Hakuwaambia. Aliingia kidato cha nne Jumatatu, akafuta vipaa, akafundisha sawa, na kijana mmoja alipouliza mbona imebadilika, akajibu kwamba wakubwa wa mtihani wamebadilisha kanuni. Watoto wakaandika. Katika nchi ambayo silabasi, ada na mipaka hubadilika bila mtu kuelezwa, kwa nini wasiamini?

Uongo huo ungemtosha mpaka uzeeni kama si Kiptanui.

Kiptanui alikuwa mwanafunzi wake bora wa kidato cha nne cha mwaka wa 1990, kijana wa Cheptais. Alikosa nafasi chuoni, akachukuliwa na shule ya harambee kule mlimani kufundisha hesabu. Desemba iliyopita alikuja Saboti kumsalimia mwalimu wake, na kwenye mfuko alibeba zawadi: madaftari sita ya wanafunzi wake. Aliyafungua mezani kwa furaha. Kila ukurasa ulikuwa na vipaa.

"Aliniambia, 'Mwalimu, kule wanaimba kuliko sisi,'" anasema Mukhisa.

Hapo alishindwa kucheka. Alimwambia Kiptanui yote, tangu daftari la binamu mpaka meza ya Kitale. Kiptanui alisikiliza, akayarudisha madaftari mfukoni moja moja, akauliza sasa yeye aende akamwambie nani. Alikuwa amekwisha kuifundisha miaka miwili.

Lakini alienda. Shule zilipofunguliwa Januari aliwaambia wanafunzi wake kwamba aliwafundisha vibaya, akaanza upya. Mtoto mmoja akamwuliza naye alifundishwa na nani. Kiptanui akageukia ubao. Baadaye alituma ujumbe Saboti kwa mkono wa mwuza viazi, maneno machache: *Jina lako sikutaja, Mwalimu. Hilo nimekuachia mwenyewe.*

Mukhisa alitoa rejista za zamani kabatini. Kati ya 1984 na 1993 walipita mikononi mwake wanafunzi mia mbili na kumi na wanne. Alianza kuwatafuta. Baadhi wameolewa Webuye, baadhi wako Eldoret. Baadhi, nyumba zao zilichomwa mwaka juzi wakati wa mapigano, nanyi mnajua ilikuwaje na mnajua mlikuwa wapi, na leo hakuna anayeweza kusema wamelala wapi. Mpaka sasa amewapata kumi na tisa. Kila anayempata anamwambia ukweli na kumwalika Jumamosi, bure, asome upya akafanye mtihani kama mtahiniwa binafsi. Wengi walimsikiliza kwa adabu wakamwambia, Mwalimu, hayo yamepita. Watu saba walikuja.

Nekesa alimwacha wa mwisho. Kwa majuma matatu alizunguka soko la Kitale, anasema, akifika mpaka kwa wauza vitunguu na kurudi. Siku aliyopata nguvu alimkuta anafunga mafungu ya sukuma wiki. Alisimama mbele yake akamwambia kwamba mwaka ule yeye ndiye aliyekuwa sawa, na kwamba anaomba msamaha.

Nekesa hakuacha kufunga. Alimaliza fungu, akalipanga, akachukua jingine.

"Mwalimu," akasema, "ulinitoa nje mbele ya watu arobaini na mmoja. Sasa unaniomba msamaha hapa, mimi na wewe na sukuma wiki?"

Nekesa akakaza kamba ya fungu.

"Ulinifukuza mbele ya watu. Niombe mbele ya watu."

Halafu, kwa sababu ni mtu mwenye akili kuliko wengi waliopata A, akamwuliza darasa la Jumamosi linaanza saa ngapi.

Tangu aanze amekosa Jumamosi moja tu, mtoto wake alipougua. Ndiye aliyeleta maneno ya kuzika. Kwao na kwa kina Mukhisa, Wabukusu wote wanajua: mtu akifa hakuna kugawa kitu, hakuna kutaja nani atashika boma, mpaka kaburi lifukiwe na siku ya tatu watu wanyolewe nywele. Ndipo wanakaa, wanahesabiana waliobaki. Anayeanza kuhesabu kabla ya kufukia anaitwa mchawi. Nekesa alisema hivyo darasani Jumamosi ya pili, kwa mzaha nusu, na Mukhisa akauandika ubaoni na hajaufuta: *Zika. Hesabu nyumba. Taja mzee.*

"Miaka tisa nilikuwa na nusu ya mfano," anasema. "Nusu nyingine ilikuwa imepiga magoti nje."

Kwa hiyo mbona hajamwomba msamaha mbele ya watu? Hilo ndilo swali, na jibu lake liko ndani ya bahasha ya kaki.

Mwaka huu, baada ya kuomba mara tano, Mwalimu Mukhisa amepata nafasi ya mafunzo ya ualimu. Akienda atarudi na cheti, atalipwa na serikali, ataacha kuitwa yuti. Ana miaka thelathini na moja na watoto watatu. Kinachotakiwa ni barua ya mwalimu mkuu kwamba ni mtumishi mwema, na ifike chuoni kabla ya mwisho wa mwezi huu wa Machi. Barua imekwisha kupigwa chapa. Imo katika bahasha, bahasha imo katika kabati, lile lile lililofungia kitabu.

Haijatiwa sahihi.

Mwalimu mkuu, ambaye jina lake na la shule tunayaacha kwa ombi la Mukhisa, alipata habari za darasa la Jumamosi akamwita ofisini. Hakumkaripia. Alimwagizia chai. Akamwambia kwamba mkutano wa wazazi ni Jumamosi ya tarehe 26, na wazazi wakisikia kwamba kwa miaka tisa walilipa karo ili watoto wafundishwe makosa, watatoa watoto, na shule itafungwa. Akamwambia makosa ya darasani hubaki darasani.

"Alisema, 'Bwana Mukhisa, pita tarehe ishirini na sita kwa amani, Jumatatu nakutilia sahihi.' Akaniuliza kama chai imekolea sukari."

Tulimwuliza mwalimu mkuu kuhusu hilo. Alisema shule haina la kusema, akauliza sisi ni wa gazeti gani, akauliza kama tunaweza kuandika habari za bweni jipya.

Jumamosi iliyopita darasa lilikwisha saa sita. Wengine walipotoka, Nekesa alibaki akikunja gunia lake. Alijua habari za barua. Soko la Kitale linajua kila kitu. Alimwambia Mukhisa kwamba kama ataamua kunyamaza yeye ataelewa, kwa sababu Mwalimu ana watoto, na yeye pia ana mtoto.

"Lakini darasani sitarudi," akasema. "Usinidhani nina hasira. Ni kwamba nikikaa hapo mbele na wewe umenyamaza, nitaanza tena kukata majibu yangu."

Alijitwika kapu lake akaenda.

Mukhisa alikaa kwenye dawati la mbele. Ndipo akatoa mfukoni karatasi kuukuu ya moki, akaonyesha nyuma yake. Ameandika atakayosema tarehe 26. Ni mistari michache. Hana hotuba, anasema, ila ataomba ubao utolewe nje uwekwe mbele ya wazazi. Ataandika hesabu ya mwaka wa 1988 na vipaa vyake vinne. Atamwita Nekesa kwa jina. Atamwomba aje ayafute mwenyewe kwa mkono wake yale yaliyokufa, halafu yeye Mukhisa atapiga magoti pale kwenye maramu, ataeleza kwa nini.

Na barua?

"Natamani chuo," anasema. "Sitaki kudanganya, nakitamani mpaka naota. Kuna vitu vingine nafundisha hata sasa ambavyo sijui kama ni kweli. Pembetatu zile za duara, sijui. Uwezekano, sijui. Ndiyo maana nataka kwenda. Lakini nikienda kwa barua ile, huko nitajifunza nini? Nitajifunza kucheka vizuri zaidi."

Alikunja karatasi. 

Basi msomaji, sasa umejua. Na usimrushie Mukhisa jiwe, maana jiwe hilo lina majina mengi. Mwandishi wa habari hii alikuwapo kwenye harambee ya mwaka wa 1983. Alitoa mlango mmoja wa mbao, jina lake likasomwa, akapigiwa makofi. Hakuuliza ni nani atakayeingia kwa mlango huo akiwa na chaki. Sisi tuliowaajiri watoto wa kidato cha nne kuwafundisha watoto wa kidato cha nne, tukawalipa kwa mahindi, tukawafungia kitabu, ndio tuliopiga meza tukicheka. Mukhisa peke yake ndiye anayetaka kulipigia magoti kosa hilo.

Kama ulisoma pale kati ya 1984 na 1993, jina lako liko kwenye rejista na mwalimu wako anakutafuta. Rudi. Siku ni Jumamosi tarehe 26, saa nne asubuhi, nawe lete na yule uliyekaa naye dawati moja.

Kama una mtoto pale, keti mbele. Mwalimu akimaliza kusema, kabla mtu hajakohoa, simama wewe, uombe bahasha ya kaki iletwe mezani na itiwe sahihi mbele ya macho yako. Mwambie mwalimu mkuu na kamati kwamba aliyesema ukweli ndiye mtumishi mwema, na kwamba hutaondoa mtoto wako bali kufuli la lile kabati.

Na kama huna mtoto pale, unayo shule nyingine unayoipita ukigeuza shingo, huko Myanga, huko Cheptais, huko kwenu. Jumatatu ingia lango lake. Usibebe bati. Ingia darasani, uombe kitabu cha hesabu, uombe kumwona anayekifundisha, umwulize anachohitaji, na usitoke mpaka umejibiwa.

Tarehe 26 si mbali. Mwanamke mmoja ataacha sokoni kapu la sukuma wiki na kuja kuona kama kuna atakayesimama. Simama.